Ufunguo Uko kwa Mama Zuhura

Deo mwanangu,

Barua hii utaikuta ukitafuta chaja, na chaja utaitafuta kabla basi halijafika Mikumi, nakujua. Usiisome kwa haraka. Mimi mwenyewe naiandika polepole, maana tangu nimalize darasa la saba sijaandika kitu kirefu kupita ujumbe wa simu.

Sasa hivi umekwenda kumuaga babu yako. Nimefunga kibanda changu cha chakula mapema, nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, na mvua imepumzika kidogo. Mambo ya kufua soksi, kulala ndani ya chandarua na kanisa siku ya Jumapili nimekwisha kuyasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia." Kwa hiyo humu hayamo. Humu kuna jambo nililolisikia na wewe hukujua kama nimelisikia.

Ni ile simu ya kabla ya Krismasi. Simu yako spika ya sikioni imekufa, ukiongea lazima uweke sauti kubwa, nyumba nzima tunasikiliza hata tusipotaka. Ulikuwa unaongea na yule kijana wa Singida mtakayekaa naye chumba kimoja huko chuoni Dodoma. Akakuuliza unatokea wapi. Ukasema Moro. Akauliza Moro ipi, maana Moro ni kubwa. Mimi nilikuwa napepeta mchele uani, ungo ukasimama mkononi. Ukasema, "Mjini. Moro mjini."

Hujasema uongo mkubwa. Ifakara ni mkoa wa Morogoro, mtu akitaka anaweza kujitetea hapo. Ila wewe Moro mjini umelala mara moja tu, tena stendi, ukisubiri basi.

Halafu juzi nikakuta kile kiroba cha mchele nilichokufungia umekitoa kwenye begi, umekiegemeza nyuma ya mlango. Ukaniambia begi limejaa. Nikaingiza mkono upande ule ulipokuwa mchele, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Mchele wetu unanukia hata ukiwa mbichi, na chumba cha watu wawili ni kidogo. Nikaelewa kwamba mtu akiuliza harufu hiyo ni ya nini, ungelazimika kujibu na swali la pili, la mchele umetoka wapi.

Nataka uamini kwamba sikukasirika. Nilikumbuka ulivyorudi kutoka kwa mjomba wako Dar, mwaka ule ulipomaliza darasa la saba. Ulisema binamu zako walikuwa wanakuita Mamba. Asubuhi, Mamba amka. Mchana, Mamba njoo ule. Walikuuliza kama kwetu watu huoga na mamba, kama mbu wanabeba watoto, kama tuna umeme. Uliponisimulia ulicheka, nami nikacheka, na kila mmoja wetu alikuwa anacheka ili mwenzake asione kinachouma.

Basi badala ya kukasirika nilishikwa na hamu ya kujua. Nikajiuliza, hivi sisi wenyewe tunauonaje huu mji wetu? Mimi nimekaa hapa tangu nikiwa na umri kama wako sasa, na sijawahi kuulizwa. Nikaanza kuwauliza watu pale kibandani. Nilikuwa nauliza hivi: mtu asiyepajua Ifakara akitaka kujua ni mji gani, wewe utamwambia nini? Baba yako alipopiga simu kutoka shamba nikamuuliza na yeye. Akauliza kama nimepata homa.

Shomari wa bodaboda ndiye aliyejibu kwanza, mdomo umejaa wali. Alisema, "Mwambie ni mji ambao huwezi kupotea. Ukisimama njia panda kidogo tu unaulizwa wewe ni wa nani. Ukijibu unapelekwa kwenu. Na ukifikishwa, mama yako anaambiwa ulikutwa wapi na ulikuwa na nani."

Mwenzake akamwambia ndiyo maana mchumba wake amehamia Mlimba. Kibanda kizima kikacheka. Lakini fikiria alichosema. Niliuliza habari za mji, yeye akanijibu habari za usalama na za umbea kwa pamoja, kama vile ni kitu kimoja. Huenda ni kimoja kweli. Macho yanayokusema ndiyo hayo yanayokulinda, na huwezi kuyaomba yafanye kazi moja yaache nyingine.

Mama wa Malinyi anayeniletea samaki alinishangaza zaidi. Yule mama anapita penye mamba na viboko tangu utoto wake, hasemi kitu. Lakini akilala Ifakara, alisema, anafunga pochi tumboni kwa kitenge na halali usingizi wa kuzama. Nikamuuliza kwa nini. "Ninyi watu wa Ifakara ni wajanja," akasema. "Kwetu tunajua."

Wajanja, sisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa sababu kwetu kijijini Mbingu nilipokuwa msichana tulisema maneno hayo hayo: Ifakara kuna wezi, Ifakara shika mkoba wako. Na hapa Ifakara tunawaambia watoto wetu shika mkoba ukifika Morogoro. Na nasikia Morogoro wanasema hivyo juu ya Dar. Nikajiuliza watu wa Dar wanaogopa wapi. Ukipata kujua, niambie.

Kuna yule dada mgeni aliyekuja kwa kazi ya utafiti wa mbu, unamkumbuka, yule mwenye kofia pana. Siku yake ya kwanza alikula kwangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, jioni hapa kuna usalama? Naweza kutembea?" Nikamjibu, "Tembea tu mwanangu, ila vaa mikono mirefu." Akanitazama, nikamtazama. Yeye alikuwa anauliza habari za watu, mimi nimemjibu habari za mbu. Haikunijia kabisa kwamba angeweza kuogopa watu. Halafu akauliza naweka nini kwenye wali unukie vile. Nikamwambia maji na chumvi, na mafuta kidogo. Hakuamini. Akainama akafunua sufuria mwenyewe.

Sisi wali huu tumeuzoea mpaka tunausema vibaya. Asubuhi kiporo na chai, mchana wali na perege, jioni wali na kisamvu, na siku ukipika ugali kwa kambale wa kukaushwa baba yako anauliza leo kuna sherehe gani. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulililia tambi, ukasema wali ni chakula cha watu wasio na kitu. Sikukupiga, nilikupa pepeta. Mpunga ambao haujakomaa vizuri, tuliukaanga na kuutwanga ungali wa moto, ukaumwagia sukari, ukaula kwa kiganja mpaka kinu kikabaki kitupu. Ukauliza hiki nacho ni wali? Nikasema ni wali ambao haujangoja. Je, huko Dodoma watakuwa wanakijua? Sidhani. Uliza, uone sura zao.

Aliyeniuma ni mfanyabiashara wa mchele, yule mnene anayekaa benchi la mwisho. Nilimuuliza swali langu, akasema yeye Ifakara haitaji kabisa. "Nikifika sokoni mjini, mteja ananiuliza mchele wa wapi. Namtazama machoni, najua anataka kusikia jina gani. Nalitaja hilo hilo."

"Na akishaupika?" nikamuuliza.

"Akishaupika anarudi, Mama Deo. Anarudi anaulizia ule wa jina lile."

Wote wakacheka. Mimi nikageukia jiko, nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilikuwa nakufikiria wewe, na Moro yako ya mjini. Nilijiuliza siku yule kijana wa Singida atakapokupenda, maana atakupenda, atakuwa amempenda nani.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, ingawa ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni kwangu.

Tulihamia hapa wewe ukiwa na meno mawili. Nilikuja na masikio yangu ya Mbingu, yamejaa wezi wa Ifakara. Mama Zuhura alikuwa jirani yetu mlango wa pili kama alivyo sasa, ila wakati huo alikuwa na nguvu na sauti, na mumewe alikuwa hai. Alinipokea kwa bakuli la mchele. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na alipoondoka nikafunga mlango kwa ndani.

Msimu ukafika, watu wakaanza kuhamia mashambani. Wewe umekua unaona ni kawaida, lakini mgeni akija mwezi wa tatu anaweza kudhani mji umekimbiwa. Nusu ya mtaa inakuwa huko kwenye vibanda vya mashamba, inaamia ndege wasile mpunga, na nusu iliyobaki ndiyo inayoshika funguo. Kila anayeondoka anapita kwa jirani anayebaki, anamwachia ufunguo, anamwambia kuku wangu ni hawa. Hakuna anayefundishwa. Inafanyika tu.

Mama Zuhura hakuwa na shamba mwaka ule, alikuwa anabaki. Siku ya kuondoka kwetu alisimama mlangoni kwake, mkono mmoja umefunguka hivi kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Nilimwona. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha nikafunga kofuli kubwa nililolinunua kwa ajili hiyo, nikauchomoa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la khanga, nikapita mbele yake. Baba yako aliniambia kwa chini, "Acha ufunguo." Nikamwambia nyamaza, wewe hujui mji.

Mama Zuhura aliurudisha mkono ndani ya kitenge chake.

Mvua za mwezi wa nne zikaja za kweli. Mto Lumemo ukajaa, maji yakaingia mtaani. Sisi tuko shamba, tunajua tu kwamba mvua ni nyingi. Njia ilipopitika nikaja na wewe mgongoni kuangalia nyumba. Nilifika jua likiwa bado liko juu. Kofuli limevunjwa, linaning'inia. Ndani hakuna godoro, hakuna magunia, hakuna sufuria. Ukutani kuna mstari wa tope mpaka hapa kwenye goti langu, lakini mstari huo sikuuona. Niliona kofuli peke yake.

Nikatoka nje nikapiga kelele za mwizi.

Deo, wewe umekulia hapa, unajua neno hilo linafanya nini. Nimesema mji wetu una macho. Una mikono pia. Niliwahi kuona kijana aliyeiba kuku amelala barabarani na hakuna aliyetaka kusema ni nani aliyeanza kumpiga. Hiyo nayo ni Ifakara, na mtu akikuuliza usimfiche. Watu wakatokea, wengine wa mtaa wa pili wasiotujua vizuri, wana fimbo, mmoja ana mchi. Na wakati huo huo kwenye uchochoro akatokea mwanamume amebeba godoro kichwani. Godoro langu, lile la maua mekundu. Uso hauonekani, umefunikwa. Wakamkimbilia.

Mtu mmoja alikwisha kuinua fimbo. Mama Zuhura alitoka mlangoni kwake bila viatu, akasimama mbele ya lile godoro, mwembamba vile, akawauliza, hata hakupaza sauti:

"Mwizi gani anayekurudishia godoro?"

Fimbo zikashuka. Aliyekuwa chini ya godoro alikuwa mumewe. Maji yalipoanza kupanda usiku ule walikuja kwetu wakakuta kofuli. Wangeweza kuondoka, na hakuna ambaye angewalaumu, maana mwenye nyumba alikwisha kuwaambia anavyowaona. Walilivunja kwa shoka. Walitoa vitu vyangu vyote, wakavipandisha juu ya dari yao, na vyao vichache wakaviacha chini kwa sababu dari haikutosha. Siku nilipofika walikuwa wameanza kuvianika juani, na yule mzee alikuwa anarudisha godoro lililokwisha kukauka.

Watu wakatawanyika. Wengine walikasirika kidogo kwamba wamekimbia bure. Mimi nilikaa chini kwenye tope na wewe mgongoni umelala fofofo. Mama Zuhura akakufungua, akakuchukua, akaniambia nikale kwanza. Tulikula wali na mlenda, sahani moja. Nilijaribu kusema samahani, akanikata, akasema chumvi imepungua, au mimi naonaje.

Msimu uliofuata nilimpelekea ufunguo mwenyewe, asubuhi, kabla hatujafunga mizigo. Aliupokea, akaugeuza geuza, akauweka kwenye kopo lake la chumvi.

"Sasa umehamia," akasema.

Nilikuwa nimekaa pale karibu miaka miwili, Deo. Yeye ndiyo kwanza ananihesabu nimefika. Mpaka leo hajamsimulia mtu kisa kile cha ufunguo, na sijui kwa nini, katika mji huu ambao hata mchumba akikuacha inajulikana kabla hujalia. Nimewahi kumuuliza. Alisema umbea una kazi yake na hiyo haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa kama Ifakara ni salama sijui jibu fupi. Wezi wapo, pampu ya baiskeli yako haikutembea yenyewe. Mamba wapo mtoni, mbu wapo kila mahali, maji yanakuja. Na kofuli langu lilivunjwa na watu wawili waliokuwa wanaokoa godoro la mtu aliyewadhania wezi. Vyote hivyo vinakaa hapa. Nilidhani nikiwauliza watu wengi nitapata neno moja la kukupa, la kumjibu yule kijana wa Singida. Sikulipata. Nimebaki na hamu zaidi ya nilipoanza, na sasa wateja wananiona naja wanasema, ameshafika na swali lake.

Sikuandiki haya ili ujisikie vibaya juu ya ile simu. Mimi nilipita mbele ya mkono wa mtu kwa sababu ya sifa mbaya ya mji niliyoisikia kwa wengine. Wewe umejificha kwa sababu ya sifa hiyo hiyo. Tumefanana, basi, kwa hilo pia. Ulinifuata pua, nikadhani imeishia hapo. Na labda ukifika huko, baada ya muda, utaamua mwenyewe kumwambia mwenzako au usimwambie. Labda yeye naye ametaja Singida akiwa anatoka kijiji ambacho anaona haya kukitaja. Hilo nalo ningependa kulijua.

Kiroba cha mchele bado kiko nyuma ya mlango. Sitakiingiza kwenye begi kwa siri, ingawa leo mchana mikono iliniwasha. Asubuhi nitakuwa uani nachemsha chai, nitakupa mgongo kwa muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Ukikichukua, kipike siku ambayo mwenzako ana njaa, maji na chumvi, na mafuta kidogo, kisha ngoja akuulize. Ukikiacha tutakula sisi, hakitaharibika, na mimi nitabaki mama yako kama nilivyo.

Sisi tunamfuata baba yako shamba wiki ijayo. Chuo wakiwapa likizo kabla hatujarudi, utakuta mlango umefungwa. Usikae nje, nenda mlango wa pili. Sauti ya Mama Zuhura imeshuka na macho yake sasa yanaona vivuli tu, na wewe utakuwa umerefuka na sauti yako imezidi kuwa nzito, hatakutambua. Atatia mkono ndani ya kopo la chumvi, halafu atakuuliza kama anavyouliza kila anayepita: wewe ni wa wapi?

Yeye, mwanangu, usimwambie Moro mjini.

Ni mimi mama yako,
Ifakara.